Dhana Tano Potofu kuhusu Kukuza Matiti

(Mada iliyotolewa kwa wananchi wa Kata ya Mgwashi, Wilaya ya Lushoto)

 

Anayenunua peasi au kabichi gulioni huweza kuligeuza tunda, kulibonyeza na hata kulipasua kabla ya kutoa fedha yake. Anayenunua dawa hana nafasi hiyo. Kilichomo ndani ya kopo hakionekani kwa macho. Ndiyo sababu ipo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na ndiyo sababu vipodozi, tangu mwaka 2019, husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Leo nitazungumzia bidhaa na huduma za kukuza matiti, kwa kuwa mengi yasemwayo juu yake si ya kweli.

Dhana ya kwanza ni kwamba ipo krimu au kidonge cha kukuza matiti. Titi ni tezi za maziwa na mafuta. Ukubwa wake hutokana na urithi, homoni, umri, ujauzito na uzito wa mwili. Hakuna krimu iliyothibitishwa kitaalamu kuwa hulikuza. Baadhi ya vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kiholela barani Afrika vina deksamethasoni, dawa ambayo ikitumiwa ovyo huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, na kudhoofisha kinga ya mwili. Aliyevitumia kwa muda mrefu asiviache ghafla. Amwone daktari kwanza.

Dhana ya pili ni kwamba sindano ni njia nyepesi kuliko kisu. Silikoni ya majimaji ikidungwa mwilini haitulii mahali pamoja. Huweza kusambaa, kufanya mabonge magumu na hata kuziba mishipa ya damu ya mapafu, na kuiondoa yote ni kazi ngumu mno. Anayetoa sindano hiyo saluni au nyumbani anahatarisha maisha ya mteja wake.

Dhana ya tatu ni kwamba kipandikizi hudumu maisha yote. Vipandikizi vya silikoni vilianza kutumika mwaka 1962 huko Houston, Marekani, na tangu hapo wataalamu wamejifunza kwamba havikuumbwa kukaa milele. Kovu huweza kukaza kukizunguka kifuko hadi titi likawa gumu na lenye maumivu. Kifuko chenyewe huweza kupasuka. Kwa hiyo anayelipia upasuaji wa kwanza ajue kwamba huenda akahitaji wa pili, nao una gharama, nusu kaputi na hatari zake.

Dhana ya nne ni kwamba kila kitokacho Ulaya ni salama. Nchini Ufaransa, kampuni ya PIP ilijaza vifuko vyake silikoni ya viwandani isiyoidhinishwa kwa matumizi ya tiba. Ulaghai huo uligunduliwa mwaka 2010, wakati vifuko hivyo vilikwisha kuwekwa katika miili ya mamia ya maelfu ya wanawake katika nchi nyingi. Mwanzilishi wake alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Hukumu hiyo haikuwarudishia wanawake hao afya wala fedha zao.

Dhana ya tano inaelekea upande wa pili: kwamba kila kipandikizi huleta saratani ya titi na kumzuia mama kunyonyesha. Utafiti haujaonyesha kwamba vipandikizi huongeza saratani ya titi ya kawaida. Ipo, hata hivyo, saratani adimu ya mfumo wa kinga inayohusishwa zaidi na vipandikizi vyenye ngozi ya kukwaruza. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa vya aina hiyo sokoni duniani kote. Ama kunyonyesha, wengi huweza, lakini mkato uliopita karibu na chuchu huweza kupunguza maziwa. Suala hilo lizungumzwe na daktari kabla ya upasuaji.

Ndugu zangu, upasuaji wa urembo haukukatazwa nchini. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilitangaza huduma hizo. Anayeuhitaji aulize mambo manne: daktari ni bingwa wa fani hiyo? Kituo kimesajiliwa? Kifuko ni cha kampuni gani na namba yake ni ipi? Tatizo likitokea, nani atanihudumia? Majibu hayo ayapate kwa maandishi na kuyatunza.

La mwisho ndilo zito zaidi. Mwanamke anayepaka krimu akaona titi limevimba upande mmoja, au akagusa uvimbe, huweza kufurahi akidhani dawa imeanza kufanya kazi. Huenda ni saratani, na miezi anayopoteza akisubiri matokeo ndiyo miezi ambayo angeweza kutibiwa. Asisubiri. Aende kituo cha afya, achukue na kopo lake, ili mtaalamu alione na kutoa taarifa kwa Mamlaka.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkimwona anayeitembeza dawa ya matiti mlango hadi mlango, kumbukeni neno hilo.