Chungu Hashindani na Jua

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mtwapa)



Leo tutazungumza juu ya chungu. Msicheke. Kila msimu wa kaskazi tunasikia malalamiko mawili vikundini. La kwanza: jua ni kali, palizi haiishi, watu wanarudi shambani na kizunguzungu. La pili: majimoto wamejaa miembeni, wanawauma wachumaji, basi tuchange pesa tununue dawa tuwapulizie. Sisi tunaona mambo haya mawili yana uhusiano.

Kwanza tulielewe joto lenyewe. Mwezi wa Februari na Machi hewa ya hapa kwetu hufika digrii 32 au 33. Lakini hiyo ni hewa ya kivulini. Mchanga mtupu saa saba mchana unaweza kupita digrii 50. Chungu, ambaye tumbo lake karibu liguse ardhi, anaishi ndani ya joto hilo. Tena mwili wake haujipozi kwa jasho kama wetu. Mahali pakiwa moto, naye huwa moto. Vipi basi hafi?

Jibu la kwanza ni saa. Siafu hawapendi jua hata kidogo. Hutembea usiku, siku ya mawingu, au kivulini. Wakilazimika kuvuka mahali peupe, hujenga kingo na paa la udongo wapite chini yake.

Jibu la pili ni nyumba. Chungu wengi huchimba. Chini ya ardhi joto halipandi na kushuka ovyo kama juu. Watoto wao huwahamisha: juu kukiwa na joto la kadiri huwapandisha, kukiwa moto mno huwateremsha.

Jibu la tatu ni mwili. Ngozi ya chungu ina nta nyembamba inayozuia maji yasimtoke upesi. Na huko jangwa la Sahara yuko chungu wa rangi ya fedha anayetoka mchana kweupe. Miguu yake mirefu humwinua juu ya mchanga, na wanasayansi walieleza mwaka 2015 jinsi nywele zake zinavyorudisha mwanga wa jua na kuutoa mwilini joto. Anaweza kustahimili joto la mwili la digrii 53 hivi. Lakini hata bingwa huyu hukaa nje dakika chache tu, aokote wadudu waliokufa kwa joto huku mijusi wamejificha, kisha mbio shimoni. Mnaona? Hata yeye hashindani na jua. Anahesabu dakika.

Sasa turudi kwa majimoto wetu. Yeye hachimbi. Nyumba yake ni majani mabichi ya mwembe, mkorosho au mnazi. Wengine huvuta majani yakutane, wengine hushika watoto wao mdomoni na kuwatumia kama sindano, maana watoto ndio wanaotoa uzi. Jani bichi lina maji, halishiki moto wa jua kama mchanga. Majani yakikauka, wanahamia mengine. Kwa hiyo ukikata mti kwa ajili ya makaa, umemvunjia nyumba. Ukipuliza dawa, umemuua kabisa.

Na hasara ni ya nani? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu, M. J. Way, alionyesha kule Zanzibar kwamba minazi yenye majimoto haisumbuliwi sana na mdudu anayefyonza nazi changa hadi zikaanguka. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa hapa pwani ya Kenya, na wakulima wa maembe wanajua alivyowatia hasara. Huko Benin utafiti uliotolewa mwaka 2007 ulikuta kwamba miembe yenye majimoto wengi ina maembe machache yaliyoharibiwa na nzi wa matunda. Yaani tunachanga pesa tumfukuze mlinzi anayefanya kazi bila mshahara!

Hatusemi majimoto ni malaika. Anauma, na hufuga vidudu vinavyofyonza utomvu wa mti kwa sababu ya maji yao matamu. Lakini dawa ya kuumwa si lazima iwe sumu. Mchumaji ajipake majivu mikononi na miguuni, atumie upondo mrefu, na matawi yanayogusa njia au nyumba yakatwe.

Na sisi wenyewe tujifunze. Palizi ianze kukipambazuka, ikome saa nne. Turudi saa kumi jua likipungua nguvu. Mtungi wa maji uwe shambani kabla ya jembe. Mama mjamzito na mzee wapewe kazi ya kivulini: kubangua korosho, kusuka makuti. Si uvivu huo. Chungu, ambaye hatujasikia akiitwa mvivu, ndivyo anavyofanya. Na anayekata mti wa kivuli apande miwili, maana kivuli cha leo kilipandwa na babu zetu.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Waangalieni chungu wa shambani kwenu saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Wako wapi kila mara? Sisi tuko wapi saa hizo?

2. Wekeni mkono juu ya mchanga mtupu, kisha chini ya mwembe, saa saba mchana. Mmegundua nini?

3. Ni miti gani ya kivuli iliyokatwa kijijini tangu miaka mitano iliyopita? Nani atapanda mingine, na nani atainywesha maji?

4. Pesa mliyotaka kununulia dawa ya majimoto, ingeweza kufanya nini kingine?