Macho mekundu na dawa ya dukani

Tubaki na jambo moja: macho.

Joto la kaskazi likishika, Dar es Salaam huyakumbuka macho mekundu. Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa huo, na wapo waliokimbilia chai ya rangi, chumvi, hata maziwa ya mama kama dawa ya macho.

Kwa nini likuhusu wewe? Kwa sababu ule ulikuwa ugonjwa wa virusi: hupita mkononi, kwenye taulo, kwenye bomba la daladala. Mara nyingi hupona wenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Antibayotiki haiui virusi, na matone yenye steroidi, bila kupimwa, yanaweza kulidhuru jicho.

Upande wa pili sasa. Duka la dawa liko hapo mtaani. Kituo cha afya ni nauli na foleni. Simlaumu mtu anayeanzia dukani. Ila jicho likiuma sana, likakimbia mwanga, au kuona kukafifia, foleni hiyo ipange.

Kinga? Sabuni na maji tiririka, wanatuambia. Sawa. Lakini nyumba inayonunua maji kwa dumu itanawa mara ngapi kwa siku?