JIKO LA KUNI, MKAA NA MAGUNZI: TULIPIME KABLA YA KULILIPIA

(Hotuba ya Kamati ya Mikopo, iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni katika maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi)



Miaka kumi si haba. Sanduku letu lenye kufuli tatu limelipa ada za shule, limenunua mbuzi, limeezeka mabati na limetusitiri kwenye misiba.

Leo Kamati ya Mikopo tumepewa kazi ya kuzungumzia jambo moja tu, nalo ni jiko. Sababu mnaijua. Katika mkutano ujao wanachama wataamua kama mfuko ukopeshe majiko banifu, na kama ni ndiyo, jiko lipi. Wauzaji wamekwishapita, na kila mmoja anasema lake linakula kila kitu: kuni, mkaa, magunzi, pumba. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Lakini hizi ni fedha za hisa zetu, jamani. Jiko likipasuka kabla ya masika, deni lenyewe halipasuki.

KWA NINI TUHANGAIKE NA JIKO

Wazee wetu wa Shinyanga wanajua habari ya kuni kuliko sisi. Enzi za mkoloni misitu ilifyekwa ili kuua mbung'o, kisha pamba na mifugo vikachukua nafasi. Ikafika wakati watu wakaifananisha Shinyanga na jangwa, na mwanamke akawa anatembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja wa kuni. Ndipo mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, uliodumu hadi mwaka 2004. Mpango huo haukuleta ujanja mgeni. Uliinua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili lipumzike na kufunguliwa wakati wa kiangazi. Miti ikarudi. Sasa tujiulize: tunairudisha miti kwa mkono mmoja na kuichoma ovyo kwa mkono wa pili?

Upande wa Geita hali ni nyingine lakini shida ni ileile. Machimbo madogo yanataka magogo ya kuegemeza mashimo yasibomoke, na miji iliyokua haraka kwa ajili ya dhahabu inataka mkaa. Na mkaa ni mlafi. Kwenye tanuri la kienyeji la udongo, kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo 6 hadi 10 za kuni.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu husemwa kwa sauti ya chini. Leo tuliseme. Bibi aliyepika kwa kuni na samadi kavu miaka hamsini, macho yake huwa mekundu. Katika Usukuma macho hayo yamefanywa ushahidi wa uchawi, na bibi zetu wamekatwa mapanga kwa ajili yake. Wilayani Magu, shirika la MAPERECE kwa kushirikiana na HelpAge liliweka majiko banifu ndani ya kazi ya kuwalinda wazee, kwa sababu hiyohiyo. Hatusemi jiko ni dawa ya mauaji. Muuaji ni muuaji, na sheria ipo. Tunachosema ni kwamba macho yale yalichomwa na moshi wakati bibi akitupikia sisi. Anayepaswa kuyaonea aibu si yeye.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani huua watu karibu milioni 3 duniani kila mwaka. Walio karibu zaidi na moto ni mama na mtoto aliye mgongoni.

MOSHI NI NINI

Moshi ni kuni ambayo haikumaliza kuungua. Ukiona moshi mwingi, ujue unapoteza kuni na unaumiza mapafu kwa wakati mmoja. Mafiga matatu hupeleka kwenye sufuria kama sehemu 10 hadi 15 tu katika kila 100 za joto lake. Zilizobaki zinapasha upepo.

Jiko zuri la kuni hufanya mambo matatu. Linatunza joto ndani kwa ukuta wa udongo wa kuchomwa au kizuizi kingine. Linapitisha hewa chini ya kuni, ndiyo maana lina kibao au wavu wa kuegemeza kuni. Na lina chumba kirefu kidogo cha moto, ili mwali umalize kazi yake kabla haujagusa sufuria.

Mkaa unataka kinyume chake. Mkaa hautoi mwali mrefu, unatoa joto la karibu, kwa hiyo unahitaji chumba kifupi ulioikaribia sufuria. Hapo ndipo penye siri ya haya majiko ya nishati nyingi. Ukiweka mkaa kwenye chumba kirefu cha kuni, joto linafika juu limechoka. Ukiweka kuni kwenye jiko fupi la mkaa, mwali unazimwa na sufuria na moshi unajaa nyumba. Jiko linalofaa kwa vyote viwili lazima liwe na kitu kinachobadilika: wavu wa kupandisha na kushusha, au chombo cha mkaa cha kupachika na kuchomoa. Muuzaji akikwambia linakula vyote, mwambie, "Tuonyeshe kinachobadilika." Kama hakuna, basi hilo ni jiko la nishati moja lililopewa jina kubwa.

Tena tusidanganyike na macho. Mkaa hauna moshi mwingi wa kuonekana, lakini unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Wapangaji wenye chumba kimoja, tafadhali sana: jiko la mkaa lisiingizwe ndani usiku kwa ajili ya joto, hata likiwa banifu namna gani. Watu hulala wasiamke.

TUNA NISHATI GANI

Kabla ya kuchagua jiko, kila mama ahesabu alicho nacho mwaka mzima, siyo mwezi wa mavuno tu.

Magunzi ya mahindi ni mazuri yakikauka sawasawa. Yanaungua haraka, kwa hiyo yanataka mtu wa kukaa karibu.

Miti ya pamba nayo inawaka vizuri, ila haifai kuwekwa akiba mwaka mzima. Masalia ya pamba hutakiwa kung'olewa na kuteketezwa baada ya mavuno ili wadudu wasivuke msimu. Hii ni nishati ya muda mfupi.

Pumba za mpunga zipo nyingi penye mashine za kukoboa, lakini haziwaki ndani ya jiko la kawaida. Zinashikamana na kuziba hewa. Zinataka jiko lake maalumu, linalowashwa kutoka juu au lenye feni.

Samadi kavu ina moshi mkali kuliko vyote, na kuichoma ni kulinyima shamba mbolea. Mwenye ng'ombe wa kufungwa zizini na maji ya uhakika aulize habari za gesi ya samadi, ambayo CAMARTEC ya Arusha imekuwa ikiisambaza kwa miaka mingi. Lakini bila maji ya kila siku mtambo ule hulala.

Gesi ya mtungi na umeme ndivyo vyenye nafuu kubwa kwa mapafu. Serikali, katika mkakati wake uliozinduliwa Mei 2024, imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 watumie nishati safi ya kupikia. Mwenye uwezo wa kujaza mtungi asirudi nyuma. Mwenye umeme ajue kwamba sufuria ya umeme ya presha hupika maharage kwa chini ya uniti moja. Jiko banifu ni la yule ambaye mtungi ukiisha tarehe 15 hawezi kuujaza hadi tarehe 30. Na wengi wetu ndio hao.

Tuseme ukweli pia juu ya mipaka ya jiko lenyewe. Huko Malawi ulifanyika utafiti mkubwa wa watoto zaidi ya 10,000, matokeo yakachapishwa mwishoni mwa 2016. Nyumba zilizopewa majiko ya kuni yaliyoboreshwa, yenye feni, hazikuonekana kupungukiwa na nimonia ya watoto kuliko nyumba nyingine. Jiko moja halifuti moshi wote wa mtaa: takataka zinazochomwa, mafiga yanayobaki pembeni, sigara, jirani. Kwa hiyo jiko jipya liende pamoja na dirisha, kuni kavu na mtoto kukaa mbali na moto. Na tusiwashie moto kwa nailoni wala kipande cha tairi.

NAMNA YA KULIPIMA

Tunapendekeza majaribio matano ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya bila mtaalamu.

Kwanza, jaribio la mizani. Pima kilo mbili za kuni kavu. Pika maharage kiasi kilekile, sufuria ileile, siku moja kwenye mafiga na siku ya pili kwenye jiko jipya. Chakula kikiiva, pima kuni zilizobaki. Rudia mara tatu, maana siku ya upepo si sawa na siku ya utulivu.

Pili, jaribio la ugali. Weka sufuria ya ukubwa wa familia yako, songa kwa nguvu zako zote. Jiko likiyumba, lirudishe. Jiko la mama wa Kisukuma lisiloweza kuhimili mwiko ni hatari kwa watoto kuliko moshi wenyewe.

Tatu, jaribio la kitambaa cheupe. Kifunge sehemu moja ya jikoni, juu kidogo ya kichwa cha mpishi, siku tatu za mafiga. Kisha kitambaa kingine siku tatu za jiko jipya. Viwekeni pamoja mkutanoni. Havisomi hewa ya sumu, lakini masizi vitayaonyesha.

Nne, jaribio la kubadilisha. Mama mwenyewe, siyo muuzaji, alitoe kwenye kuni alipeleke kwenye mkaa. Ikihitajika bisibisi na fundi, basi halitabadilishwa kamwe.

Tano, jaribio la fundi. Udongo wa ndani ukipasuka, nani anaubadilisha, wapi, kwa shilingi ngapi? Jiko ambalo kipuri chake kinatoka mbali ni jiko la miezi sita.

NENO KWA WENZETU WA MACHIMBONI

Wenzetu wa Geita, na hasa mama lishe wa kwenye mialo, hili ni lenu. Zebaki isichomwe kwenye jiko la chakula. Mvuke wake hauonekani. Unaingia kwenye mapafu na kuharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Mataifa yalikwishakubaliana kupunguza zebaki kwa mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, lakini mkataba hauwezi kulinda jikoni kwako. Mume, kaka au mpangaji akiomba jiko "dakika tano tu", jibu ni hapana. Kazi hiyo ina chombo chake cha kufunika na kunasa mvuke, na ifanyike mbali na nyumba. Jiko, sufuria au kijiko kilichokwisha kutumiwa kwa zebaki kisirudi jikoni, hata kikisuguliwa kikang'aa.

Tunapendekeza iandikwe kwenye fomu ya mkopo: atakayekopa jiko la kikundi anaahidi kutolichomea zebaki.

HESABU YA MKOPO

Tuchukue mfano. Mama anatumia mkaa wa shilingi 1,500 kwa siku. Kwa mwezi ni shilingi 45,000. Jiko likimpunguzia theluthi moja, anabaki na shilingi 15,000. Kama jiko ni shilingi 60,000, litajilipa kwa miezi minne. Lakini likimpunguzia moja ya kumi tu, anabaki na shilingi 4,500, na atalipa zaidi ya mwaka mzima. Ndiyo maana mizani ije kwanza, sahihi baadaye. Kwa anayeokota kuni bila kununua, faida yake ni muda na mgongo, siyo fedha taslimu. Huyo apewe marejesho madogo ya muda mrefu, asije akauza kuku ili kulipia jiko.

Kwa hiyo Kamati inaleta mapendekezo matatu. Nyumba tatu zijaribu kwa mwezi mmoja: moja ya kijijini yenye magunzi, moja ya mpangaji anayetumia mkaa, na moja ya mama lishe. Muuzaji alipwe nusu kwanza, na nusu baada ya miezi mitatu jiko likiwa zima. Na asiwepo mwanachama wa kulazimishwa. Asiyetaka jiko, hisa yake ibaki kwa shughuli nyingine.

Akina baba, jiko ni mali ya nyumba nzima. Kuni zikipungua, binti anawahi shule. Mkaa ukipungua, fedha inabaki mezani. Msituachie mjadala huu peke yetu.

Ndugu Mwenyekiti, miaka kumi tumejifunza kuhesabu shilingi mbele ya macho ya wote, ndipo tunafunga sanduku. Tuhesabu na kuni vivyo hivyo.