Seli B, Malaria na Watoto wa Mara



Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wenye umri chini ya miaka 10 katika North Mara, kaskazini mwa Tanzania, ng'ambo ya Mto Mara ukitazama kutoka kwetu Serengeti, waligawiwa vidonge vya klorokwini mara mbili kila mwezi. Walipewa hata wasipougua. Dk. Glen Brubaker wa Hospitali ya Shirati, pamoja na watafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, walitaka kujua jambo moja: je, malaria ikipungua, saratani ya watoto iitwayo Burkitt nayo itapungua?

Mzazi aliyepokea vidonge vile angekuwa na haki ya kuuliza malaria na saratani vinakutana wapi. Vinakutana ndani ya seli B, na ndiyo maana nimeichagua kuwa mada ya leo. Nguvu ya seli hii na hatari yake zinatoka mahali pamoja.

Seli B ni aina ya chembe nyeupe za damu, na huzaliwa kwenye uboho wa mifupa. Kila moja hubeba juu ya utando wake kipokezi chenye umbo la peke yake. Mwaka 1976 Mjapani Susumu Tonegawa alionyesha umbo hilo linavyopatikana, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1987: seli hukata vipande vya jeni zake yenyewe na kuviunga upya, kwa kubahatisha. Hivyo binadamu mwenye jeni kama 20,000 tu huweza kutengeneza mamilioni ya kingamwili tofauti, yaani vipokezi hivyo vikiachiwa kwenye damu, hata za kukamata vijidudu ambavyo babu zake hawakuwahi kukutana navyo.

Kazi haiishii hapo. Kimelea kikiingia, seli B iliyokinasa huzaana ndani ya tezi na bandama, na watoto wake hubadilisha tena jeni za kipokezi. Walioshika vizuri zaidi huachwa waendelee, waliobaki hufa. Ndivyo mkulima wa ulezi anavyochagua masuke bora kuwa mbegu ya msimu ujao, ila hapa misimu hupita kwa siku chache. Baadhi ya seli hizo hurudi kwenye uboho na kutoa kingamwili kwa miaka mingi. Mwaka 1961, watafiti Cohen na McGregor walichukua kingamwili za watu wazima wa Gambia waliozoea malaria, wakawadunga watoto wagonjwa. Vimelea kwenye damu ya watoto wale vilipungua sana.

Sasa fikirini: seli inayokata jeni zake mara kwa mara inaweza pia kuziunga vibaya. Katika saratani ya Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya kuamuru seli izaane huangukia, mara nyingi, kwenye kromosomu ya 14, palepale penye jeni ya kingamwili inayofanya kazi usiku na mchana. Malaria ya kila msimu huzisukuma seli B kwenye ukataji huo bila kupumzika. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe uliopelekwa London kutoka Uganda, huishi ndani ya seli hizohizo na kuzisaidia zisife pale zinapostahili kufa. Karibu watoto wetu wote huvipata wakiwa wadogo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Uganda, aliyeueleza uvimbe huu mwaka 1958, aliona kuwa ni haba kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama malaria yenyewe.

Huko North Mara, ugonjwa huu ulishuka hadi mtoto 0.5 kwa kila 100,000 mwaka 1980 na 1981. Mwaka 1984, vidonge vikiwa vimesimama, ulipanda hadi 7.1. Haki inanitaka niseme kwamba ulianza kushuka hata kabla ya vidonge kugawiwa, kwa hiyo utafiti ule peke yake haufungi mjadala. Lakini kila ninapozisoma takwimu hizo nawakumbuka watoto waliomeza vidonge vichungu ili dunia ijue.

Kuna hatari ya pili. Vipokezi vikitengenezwa kwa kubahatisha, vingine huukamata mwili wenyewe. Uboho huviondoa vingi, si vyote. Vikiponyoka, kingamwili hugeuka dhidi ya mwenyewe. Katika ugonjwa wa lupasi hushambulia hata vinasaba vya seli zake, na mabaki ya vita hivyo hunasa kwenye figo, viungo na ngozi.

Mwangalieni msichana mwenye lupasi, wa miaka 20 na kitu. Asubuhi vidole vimevimba, hawezi kukamata mpini wa jembe. Nywele zinakatika. Mashavuni ana upele unaozidi akikaa juani, mkojo una povu, homa inakuja na kuondoka. Zahanati inapima malaria, kisha taifodi, anapewa dawa, mwezi ujao anarudi. Baadaye ukoo unaanza kuulizana nani kamloga. Simlaumu tabibu, maana Mara homa ni malaria kwanza. Inaniuma tu kwamba kijiti cha kupima protini kwenye mkojo ni cha bei ndogo, na kingeweza kuiokoa figo yake.

Dawa ya msingi ya lupasi leo ni haidroksiklorokwini, ndugu wa vidonge vya North Mara. Rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa saratani ya seli B, iliidhinishwa mwaka 2006 kwa ugonjwa wa baridi yabisi, nao wa mwili kujishambulia, kwa kuwa huziondoa seli zilezile. Bei yake ingali mlima kwa familia ya mkulima.

Kwa waganga wakuu wa wilaya waliomo ukumbini nina maombi mawili. Mtoto ambaye meno yake ya nyuma yanalegea bila kuoza, au taya lake limeanza kujaa, asipewe miadi ya wiki mbili: uvimbe wa Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili, na akiwahi dawa mara nyingi hupona. Apelekwe Hospitali ya Bugando, Mwanza, wiki hiyohiyo. Na mwanamke mwenye homa na maumivu ya viungo, ambaye kipimo cha malaria kimetoka safi zaidi ya mara moja, apimwe mkojo kabla hajaandikiwa dawa nyingine ya taifodi.