Waya Mdogo, Kazi Kubwa: Kutunza na Kutengeneza Waya wa Chaja ya Kishikwambi

Mada iliyotolewa kwenye semina ya walimu na viongozi wa vikundi, Songea



Mada yetu ya leo inaweza kuonekana ndogo mno kwa semina. Tunataka kuzungumza juu ya waya wa chaja. Tumeichagua kwa makusudi, kwa sababu katika ziara zetu tumekuta mara nyingi kishikwambi kizima, kisicho na ufa hata mmoja, kimelala kabatini kwa kuwa waya wake umekatika. Chombo chote kinakwama kwa ajili ya sehemu yake iliyo rahisi kuliko zote.

Wengi wetu tulivifahamu vishikwambi wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya 23 Agosti 2022, ambapo makarani walivitumia badala ya karatasi. Baada ya Sensa, Serikali iliwagawia walimu wa shule za umma vifaa hivyo. Leo mwalimu anaandalia somo humo, anasoma vitabu na kutunza takwimu za wanafunzi. Waya, hata hivyo, hauishi miaka sawa na kifaa chenyewe. Kifaa hukaa mezani. Waya hukunjwa na kuvutwa kila siku.

Tukumbuke pia safari ya umeme wenyewe. Kwa miaka mingi mji wetu ulitegemea jenereta za dizeli. Mwaka 2015 mtambo wa maji wa Tulila katika Mto Ruvuma, wa Masista Wabenediktini wa Chipole, ulianza kuzalisha umeme. Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Itakuwa jambo la kusikitisha umeme usafiri zaidi ya kilometa 200, halafu ushindwe kuvuka mita moja ya mwisho.

KWANZA: TUPIME KABLA YA KULAUMU

Kishikwambi kinapokataa kuchaji, tusikimbilie kusema kimekufa, wala tusikimbilie kukata waya. Tufuate utaratibu huu:

1. Jaribu soketi nyingine. Kama unatumia sola, hakikisha betri yake ina chaji.
2. Jaribu kichwa kingine cha chaja kwa waya uleule.
3. Jaribu waya mwingine kwa kichwa kilekile.
4. Zima kifaa, kisha tazama tundu la kuchajia kwa tochi. Vumbi na nyuzi za mfukoni hujazana humo mpaka pini isiingie vizuri. Ziondoe taratibu kwa kijiti cha meno kikavu. Usitumie sindano wala kitu chochote cha chuma.

Kama waya mwingine unachaji na wako hauchaji, mgonjwa amepatikana. Ukiwa na mita ya fundi, pima kila uzi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku ukiupinda waya polepole. Mahali ambapo mlio unakatika na kurudi ndipo penye jeraha. Mara nyingi ni shingoni, pale waya unapoingia kwenye pini, kwa sababu hapo ndipo unapopindwa kila mara.

PILI: NDANI YA WAYA KUNA NINI

Waya wa kawaida wa USB wa aina ya zamani una nyuzi nne. Nyekundu hubeba volti 5, nyeusi ni ya kurudishia, nyeupe na kijani ni za mawasiliano. Waya za bei ya chini huweza kuwa na nyuzi mbili tu, au rangi zisizofuata utaratibu, kwa hiyo mita iaminiwe kuliko rangi.

Wapo wanaounga nyekundu na nyeusi peke yake na kuacha nyingine. Kifaa kitachaji, ila kwa vishikwambi vingi kitachaji polepole sana. Kupitia nyuzi hizo mbili za mawasiliano, kifaa hutambua kwamba kimeunganishwa na chaja yenye nguvu. Kisipotambua, hujizuia na kuvuta umeme kidogo.

Unene nao una maana. Waya mwembamba wa mita moja huweza kuwa na ukinzani wa karibu nusu ohmu, kwenda na kurudi. Kishikwambi kikivuta ampea 2, karibu volti 1 inapotea njiani, na kati ya volti 5 zinafika 4 tu. Ndiyo maana waya uleule unaotosha simu ndogo unaweza kushindwa kujaza kishikwambi usiku kucha.

TATU: NAMNA YA KUUNGA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa unaozibwa kwa karatasi haujazibwa. Kusokota nyuzi kwa vidole na kuzungushia plastiki ya mfuko wa sukari siyo kutengeneza. Kiungo kilicholegea huongeza ukinzani, na ukinzani hugeuka joto. Nusu ohmu iliyokaa mahali pamoja, kwa ampea 2, hutoa wati 2 za joto katika nafasi ndogo kama punje ya mahindi. Plastiki huanza kulainika, na kama waya umelazwa juu ya godoro au chandarua, hatari ni ya nyumba nzima.

Kazi sahihi ni hii:

1. Chomoa waya kwenye chaja na kwenye kifaa.
2. Kata na kutupa kipande kilichojeruhiwa, sentimita 2 kila upande wa jeraha.
3. Kabla ya kuunga, pitisha kwenye waya ule mpira mwembamba unaojibana ukipashwa joto. Ukisahau hatua hii, utalazimika kufumua kazi yote.
4. Menya ganda la nje, kisha kata nyuzi kwa urefu tofauti, ili viungo visikae vikitazamana. Hivyo, hata kimoja kikilegea, hakitagusa jirani yake.
5. Unga rangi kwa rangi na uilehemu kwa risasi. Kila kiungo kifunikwe peke yake.
6. Rudisha mpira wa nje na uupashe joto ubane. Kama hupatikani, tumia tepu nyeusi ya mafundi umeme, iliyovutwa vizuri.
7. Pima tena kwa mita. Nyekundu na nyeusi zisigusane kamwe. Baada ya hapo chaji kwa dakika 15 ukiwa karibu, na uguse kiungo. Kikiwa cha moto, chomoa na kirudiwe.

Asiye na chuma cha kulehemia ampelekee fundi redio, lakini asimame aone kazi ikifanywa. Vijana wanaojifunza umeme VETA hapa Songea wanaweza kufanya kazi hii, nasi tuwape nafasi.

NNE: MAHALI PA KUSEMA HAPANA

Ufundi wa kweli ni pamoja na kujua pa kuishia. Hatushauri kuunga katika hali hizi:

Kwanza, kichwa cha chaja kinachoingia ukutani. Humo mna volti 230, na hata baada ya kuchomolewa kinaweza kubaki na umeme. Kikiungua, kinunuliwe kingine.

Pili, waya wenye pini ya Type-C pande zote mbili. Waya hizo huweza kupitisha hadi volti 20 au zaidi. Kosa dogo linaweza kuua kifaa cha gharama kubwa.

Tatu, jeraha lililo shingoni kabisa kwenye pini ya Type-C. Waya wa pini ya kawaida upande mmoja na Type-C upande wa pili unaweza kuungwa katikati. Lakini ndani ya pini ile ya Type-C mna kijisehemu kinachokiambia kifaa kiasi cha umeme cha kuvuta. Kukibadilisha kwa kubahatisha ni hatari.

Nne, waya ulioungwa tayari mara mbili. Huo umemaliza kazi yake.

TANO: KUZUIA NI RAHISI ZAIDI

Chomoa kwa kushika pini, siyo kuvuta waya. Usichaji ukiwa umekilaza kifaa juu ya pini yake. Kunja waya kwa duara pana, wala usiuzungushie kishikwambi kwa kukaza. Funga shingo yake kwa tepu au springi ya kalamu kuukuu ukiwa bado mpya. Ngurumo zinapoanza, kama tuzijuavyo hapa kwetu masika yote, chomoa chaja ukutani.

Mkinunua waya, nunueni mfupi na mnene. Habari njema ni kwamba pini zinaelekea kufanana. Tangu 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unataka simu na vishikwambi vipya vinavyouzwa huko vitumie Type-C, na viwanda hutengeneza kwa kuangalia masoko makubwa. Waya mmoja mzuri utaweza kuhudumia vifaa vingi.

Waya uliokufa usichomwe moto ili kupata shaba. Moshi wa plastiki yake ni sumu, na wanaouvuta kwanza ni watoto waliotumwa kuuchoma. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nchi yetu imeweka kanuni za taka hizo tangu 2021. Tuzikusanye katika sanduku moja mpaka zipate mnunuzi anayezishughulikia ipasavyo.

TUNACHOPENDEKEZA

Kila shule na kila kikundi kiwe na kisanduku kimoja: mita ndogo, chuma cha kulehemia, risasi, mpira wa kubana, tepu, na waya mmoja wa akiba usioazimwa nyumbani. Achaguliwe mtu mmoja wa kukitunza, na ajulikane kwa jina. Waya ukiwa wa wote bila mtunzaji, hukatika mapema na hakuna anayeulizwa.

Tukirudi makwetu, tufungue makabati yetu. Kila kishikwambi kilicholala tukipime kwa hatua zile nne za mwanzo, kabla hatujaandika barua ya kuomba kipya.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika shule au kikundi chetu, ni vifaa vingapi vimelala kwa kukosa waya?
2. Nani kati yetu anajua kulehemu, na nani yuko tayari kufundishwa naye?
3. Usiku, vifaa vyetu vinachajiwa wapi, na je, mahali hapo ni salama kwa wanaolala karibu?