Kipanya kigomapo, kosa si la kipanya daima

Msikilizaji, jijini Dar es Salaam neno kipanya lilipata kuwa jina la basi dogo la abiria. Kipanya cha mazungumzo haya ni kile cha kompyuta, ambacho Mmarekani Douglas Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco mwezi Disemba mwaka 1968.

Huko Edmonton, kaskazini mwa London, kifaa hicho kidogo kimebeba mzigo mkubwa. Kadi nyingi za plastiki za ukaazi zilimaliza muda wake tarehe 31 Disemba mwaka 2024. Siku hizi mhamiaji aliyekuwa akionyesha kadi huthibitisha haki yake ya kufanya kazi au kupanga nyumba kupitia akaunti ya intaneti, kisha humpa mwajiri au mwenye nyumba msimbo unaodumu siku 90. Mwenye kompyuta mpakato ambayo kibodi yake imekwisha kuharibika huchomeka kibodi ya nje. Nayo ikigoma siku ile mwajiri anaposubiri, si jambo la mzaha.

Lakini kugoma kuna sura nyingi, na ile inayowasumbua wageni zaidi si ya waya wala umeme.

Mtu amekuja na kompyuta iliyonunuliwa Nairobi au Dubai, iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani. Ananunua kibodi ya Kiingereza katika duka moja la barabara ya Fore Street. Anabonyeza kitufe chenye alama ya @ ili aandike anwani ya barua pepe, na kioo kinamwonyesha alama za kunukuu. Anabonyeza alama ya pauni, inatokea #.

Kwenye neno la siri balaa ni kubwa zaidi, kwani kioo huonyesha vidoti tu. Mtu hukataliwa mara tatu, mara nne, akadhani amesahau neno lake mwenyewe, hali vidole vyake havikukosea hata mara moja.

Kibodi hiyo ni nzima. Kompyuta ndiyo haijaambiwa kwamba imebadilishiwa lugha ya vitufe. Katika Windows, suluhisho limo kwenye mipangilio ya lugha: huongezwa kibodi ya Uingereza, na baadaye kitufe cha Windows kikibonyezwa pamoja na kile kirefu cha nafasi, mtu huhama kutoka mtindo mmoja hadi mwingine. Hadi hapo, @ hupatikana kwa Shift na 2, hata kama kitufe chenyewe kimechorwa kitu kingine.

Kuna na kibodi inayoonekana imekufa kabisa. Kitabu kikilalia Shift ya kulia kwa sekunde 8, Windows huweza kuwasha kichujio cha vitufe kilichokusudiwa watu ambao mikono yao hutetemeka. Kuanzia hapo, mguso wa haraka hauhesabiwi. Kichujio hicho huzimwa katika mipangilio ya ufikivu.

Ikiwa vyote hivyo si sababu, ndipo umeme uchunguzwe. Kifaa kichomolewe kwenye kigawio cha USB na kuchomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, kisha kijaribiwe kwenye kompyuta nyingine. Kikifanya kazi huko, mgonjwa ni kompyuta. Taa ya Caps Lock ikikataa kuwaka kwenye kompyuta zote mbili, kibodi imekwisha.

Kipanya kisicho na waya kina hila zake. Kipokezi chake kidogo kwa kawaida hakisikilizi kipanya kingine, hata vikifanana kama mapacha. Aidha, mwaka 2012 kampuni ya Intel ilieleza kwamba matundu ya USB 3.0 hutoa kelele za redio katika masafa ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo hutumiwa na vipanya vingi vya aina hiyo. Kipanya kinachorukaruka kila diski ya nje inapochomekwa huenda kikapona kwa kuhamishia kipokezi upande wa pili wa kompyuta.

Na kuwasha upya nako kuna namna yake. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa huhifadhi kiini cha mfumo ili ziamke haraka, na hitilafu huweza kuhifadhiwa pamoja nacho. Amri ya kuanzisha upya husafisha zaidi kuliko ile ya kuzima.

Kwa asiye na kipanya kabisa, kitufe cha Tab humpeleka kutoka kisanduku hadi kisanduku katika fomu, Tab pamoja na Shift humrudisha nyuma, na Enter hubonyeza kitufe au kiungo alichofikia. Ni mwendo wa kinyonga, ila fomu nyingi za serikali ya Uingereza hujazika hivyo hadi ukurasa wa mwisho.