Isale Mpakani: Vijana, Madhehebu na Haki Iletayo Umoja

(Mada iliyotolewa na padre katika semina ya viongozi wa vijana, Moshi)

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Nimewasalimu mara mbili kwa makusudi, kwa kuwa humu wamo watu wa parokia na wamo watu wa usharika, wala sipendi yeyote aingoje salamu yake.

Ndugu wapendwa, nimeombwa niseme juu ya historia ya vikundi vya vijana vinavyounganisha madhehebu katika vijiji vyetu vya mlimani. Historia hiyo yaanzia kwenye mipaka. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1893 wamisionari Walutheri wa Leipzig walianza kazi Machame, na mwaka uo huo Wakatoliki wakafungua misioni Kibosho. Machame na Kibosho zilikuwa zimekwisha kupigana vita chini ya Mamangi wao. Basi mpaka wa dini ukalala juu ya mpaka wa zamani, na mtoto akawa Mkatoliki au Mlutheri kwa kufuata upande wa korongo aliozaliwa.

Hatukubaki hapo. Tarehe 21 Novemba 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya uekumene. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za misioni chini ya Serikali, na watoto wa pande zote wakaketi dawati moja. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu na Jumuiya ya Kikristo Tanzania waliunda tume moja ya huduma za jamii. Na tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, fundisho lililowagawa wazee wetu wa imani.

Lakini sahihi ya wakubwa huishi au hufa kijijini. Nitawapa mfano wa kikundi nilichokulia mimi, nisitaje kijiji wala mtu. Tulikuwa vijana wa kigango na wa mtaa wa usharika. Tulicheza mpira pamoja, tukaimba Noeli nyumba kwa nyumba, tukazibua mfereji wa maji, na ulipotokea msiba tulichimba kaburi kihambani. Hatukuwa na katiba, kwa maana tulidhani upendo hauhitaji maandishi.

Kisha akafariki mwenzetu mmoja, ambaye baba yake alikuwa wa upande huu na mama yake wa upande ule. Wazee wakabishana ni nani atakayemzika. Sisi tuliokwisha kuchimba kaburi tukaamriwa tusimame kila mmoja na wa kwao. Mama yake alilia peke yake katikati ya makundi mawili. Juma lile kikundi kikafa. Hata fedha za sanduku zikagombewa, maana hakuna aliyejua ni za nani.

Mfereji ukajaa matope, maji yasifike mashamba ya chini. Migomba ya Mkatoliki na ya Mlutheri ikanyauka pamoja. Ndipo mzee mmoja alipokata jani la isale na kulipeleka kwa viongozi wa pande zote mbili. Ninyi mwajua: isale ndilo tunalolipanda mpakani mwa kihamba, na isale ndilo tunalolishika tunapoomba msamaha. Mmea mmoja hutenga na hupatanisha.

Tuliporudiana tuliandika mambo matatu. Uenyekiti upokezanwe kila mwaka baina ya madhehebu. Sanduku liwe na funguo mbili, na hesabu zisomwe mbele ya wote. Na penye msiba wa familia iliyochanganyika, viongozi wa pande zote wakae na wafiwa kwanza na kuwasikiliza, kabla ya kutoa neno lolote la taratibu. Hatukufuta tofauti zetu; kila Jumapili kila mmoja alikwenda kusali kwao. Isale lilibaki mpakani, ila tulijua pia kulichuma.

Wapendwa, hilo ndilo fundisho langu. Umoja usio na haki huweza kuimba Noeli, lakini hauwezi kustahimili msiba mmoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo huwa Januari 18 hadi 25. Tusali, ndiyo, lakini kabla hatujafika huko kila kikundi kikae na kuandika mapatano yake. Nanyi maparoko, wachungaji, makatekista na wainjilisti, siku ya maziko mwulizeni kwanza mama mfiwa.

Mungu awabariki.